Presha ya mechi: Karatu wanaweza kuonana na daktari kwa simu

PER Mertesacker alitwaa Kombe la Dunia na Ujerumani mwaka 2014. Miaka minne baadaye, akikaribia kutundika daluga, beki huyo wa Arsenal alifunguka kwa jarida la Der Spiegel: siku ya mechi tumbo lilimwendesha, na kabla ya filimbi alitaka kutapika.

Kipa wa ndondo pale Karatu akiwa hivyo huambiwa ni mwoga, au karogwa. Hospitali kubwa ya afya ya akili, Mirembe, iko Dodoma. Wa Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ana kibarua zaidi: apande ukingo wa kreta, ashuke hadi geti la Lodoare, ndipo aione lami ya kwenda Karatu.

Hapo ndipo simu inaingia kikosini. Tiba ya wasiwasi kwa sehemu kubwa ni mazungumzo: mtaalamu anakufundisha kuikamata fikra inayokutisha, kuipima, kisha kurudi kidogokidogo kwenye kile unachokikimbia. Hayo yanawezekana kwa video, hata kwa sauti tupu. Kwa kuanzia, 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Shida ni mtandao kukata katikati ya kikao. Na chumba kimoja mnalala wanne, nani atafunguka? Bora pembeni ya uwanja, mazoezi yakiisha.

Matapeli nao wamo. Daktari halali amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwulize namba yake. Anayekuuzia vidonge vya usingizi kwa meseji, bila hata kuuliza moyo unakudunda lini, mlambe kadi nyekundu.