Kuifuata Timu Ugenini

Apendaye mchezo wa mpira hatosheki na habari za redio. Hata televisheni, yenye kumwonyesha uwanja mzima, haimpi yote. Atamani kuwapo mwenyewe, kuwaona wachezaji wake kwa macho, na kuwaimbia ili nao wamsikie. Tamaa hiyo si mbaya. Lakini uwanja ukiwa katika nchi ya mbali, yampasa mtu ajiulize kwanza: Naendea nini huko? Nami nitarudi nyumbani na nini?

Watu wa Lubumbashi walipata fundisho kubwa juu ya jambo hilo mwezi wa Desemba 2010. Timu yao ni TP Mazembe, ile ivaayo nyeusi na nyeupe, yenye mamba katika alama yake. Si wote wakumbukao ilikotoka. Mwaka 1939 watawa Wabenedikto wa shule ya Mtakatifu Bonifasi, mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waliwaundia wanafunzi wao timu ya mpira, wakaipa jina la Mtakatifu Jorji. Mche huo mdogo wa shuleni ukawa mti mkubwa. Mazembe ilitwaa kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, tena mwaka 2009 na 2010. Kwa kuwa ilikuwa bingwa wa Afrika, ikaitwa Abu Dhabi, katika Falme za Kiarabu, kushindania Kombe la Dunia la vilabu.

Toka Lubumbashi hata Abu Dhabi ni karibu kilometa 5,000. Hata hivyo washabiki walipanda ndege wakaifuata timu yao, na ngoma zao zikasikika katika viwanja vya Waarabu. Tarehe 10 Desemba waliiona Mazembe ikiishinda Pachuca ya Meksiko bao 1 kwa 0, bao la Bedi Mbenza. Siku 4 baadaye ilikutana na Internacional ya Brazili. Nani angaliwadhania vijana wa Katanga kuwaweza Wabrazili? Kabangu akafunga, kisha Kaluyituka akafunga la pili. Kipa Kidiaba akaketi chini akarukaruka kwa makalio, kama ilivyo desturi yake ya kushangilia, na ulimwengu wote ukamcheka kwa furaha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu isiyo ya Ulaya wala ya Amerika ya Kusini kufika mechi ya mwisho ya kombe hilo.

Tarehe 18 Desemba ikaja mechi hiyo ya mwisho, nayo Inter ya Milano ikashinda mabao 3 kwa 0. Pandev alifunga mapema, Samuel Eto'o, mwana wa Kameruni, akafunga la pili, Biabiany akamaliza. Waliotoka mbali hivyo kuitazama timu yao walirudi bila kombe.

Je, fedha zao zilipotea? Sivyo. Tikiti hununua mchezo, hainunui ushindi. Alipaye nauli ili kuona ushindi tu, huyo amejidanganya, na akishindwa atarudi na uchungu. Wahenga walisema: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hilo ni la mchezaji, na ni la mshabiki pia.

Kwa hiyo, baba wa jamaa atamaniye safari ya namna hii na azungumze kwanza na mama watoto. Gharama si tikiti ya uwanjani peke yake: kuna pasipoti, viza, ndege, malazi, chakula, na karatasi ya chanjo ya homa ya manjano. Anayeweka akiba kidogo kidogo, au angojaye zamu yake katika likelemba, anasafiri kwa moyo mweupe. Lakini achukuaye karo ya watoto, au akopaye asipojua atalipaje, anaacha kilio nyumbani ili akaimbe ugenini. Bora huyo aitazame mechi pamoja na majirani.

Liko jambo jingine, nalo ni zito zaidi. Mwamuzi wa mechi ile ya mwisho alikuwa Mjapani, Yuichi Nishimura. Habari ya kushindwa ilipofika Lubumbashi, watu wengine walisema tumeonewa. Tena walimdhania mwamuzi kuwa Mchina, wakatoka wakayashambulia maduka ya Wachina mjini. Ni aibu kuyasema, lakini yalitendeka. Wenye maduka hawakupuliza filimbi yoyote. Walikuwa wageni tu, mbali na kwao, wakitafuta riziki.

Basi tulinganishe. Siku ileile, ndugu zetu walikuwa wageni katika nchi ya wengine, kati ya watu wa lugha na dini nyingine. Je, tungalionaje kama wenyeji wa Abu Dhabi wangaliwapiga washabiki wetu kwa kosa la mtu asiye hata wa taifa letu? Tungalilia na kudai haki. Haki tunayoitaka kwa ndugu yetu aliye ugenini, mgeni aliye kwetu anaidai vilevile.

Ndiyo faida ya kweli ya kuifuata timu mbali. Msafiri ameomba kuonyeshwa njia kwa lugha asiyoijua, ameketi kando ya wapinzani, amewategemea watu asiowajua. Akirudi na aonekane kuwa amejifunza. Siku washabiki wa Zambia, wa Tunisia au wa Moroko watakapokuja uwanjani Kamalondo na bendera zao, yeye ndiye awe wa kwanza kuwasalimu na kuwaonyesha njia. Nao wakitushinda, awaage kwa amani, na maduka ya mji yalale salama.