Sherehe ya Mtoto Isiwe Deni: Jinsi ya Kuiandaa Nyumbani Hapa Siyu

Siku hizi sherehe ya mtoto imekuwa mtihani kwa mzazi. Picha za keki za ghorofa tatu hupita kwenye simu, mtoto huziona, naye hutaka yake. Mzazi mwenye kipato cha uvuvi au cha duka dogo hukopa. Jirani asiyeweza hata kukopa humzuia mwanawe ndani siku hiyo, kwa haya ya kumtuma mikono mitupu. Furaha ya mtoto mmoja inageuka simanzi ya mwenzake wa ukuta wa pili.

Si lazima iwe hivyo. Iwe ni akika, kuhitimu juzuu, Idi, au siku ya kuzaliwa kwa wanaoiadhimisha, Siyu ina karibu kila kitu kinachohitajika. Kinachotakiwa ni mpango.

Wageni na wakati. Alika watoto wanaoweza kutunzwa na watu wazima ulionao. Kwa watoto 15 hadi 20, watu wazima watatu wanatosha. Anza baada ya alasiri, jua likipoa, na umalize kabla ya magharibi. Pita nyumba kwa nyumba ukaalike kwa mdomo, na useme wazi kwamba zawadi hazihitajiki. Anayesisitiza kusaidia, mwambie alete nazi mbili au aje kukuna.

Chakula. Keki ya kuagizwa Lamu hupanda boti hadi Mtangawanda, kisha hupanda gari au pikipiki hadi Siyu. Joto na mitikisiko huiharibu krimu kabla haijafika mezani. Mkate wa sinia haupati tabu hiyo. Roweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, saga na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, sukari, iliki na kijiko cha chai cha hamira. Uache uumuke, kisha upike kwa makaa chini na juu. Mkate mmoja hukatika vipande kumi hivi, basi kwa watoto 20 pika miwili. Ukitaka uwe wa sherehe, panga zabibu kavu juu yake ziandike herufi ya jina la mtoto.

Ongeza viazi vya karai au bajia, kaimati, na maji ya ukwaju au madafu. Aina nne zinatosha. Watoto hula kidogo wakicheza, na kingi hutupwa. Kumbuka pia kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na katika joto letu ni bora saa moja tu, hasa kikiwa na tui au nyama. Kwa hivyo kaanga karibu na wakati wa kula. Walio chini ya miaka mitano wasipewe njugu nzima wala peremende ngumu, kwani huweza kuwakwama kooni.

Mapambo. Maputo acha. Kipande cha puto lililopasuka kinaweza kumziba pumzi mtoto mdogo, na yanayopeperushwa na upepo huishia mikokoni na baharini, ambako kasa huyadhania chakula. Toa leso za sandukuni uzitandaze ukutani, funga makuti mabichi mlangoni, na uwape watoto asumini watunge. Mtoto aliyepamba mwenyewe huona sherehe ni yake. Vitamu vya kubeba nyumbani vifunge kwa karatasi, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017.

Michezo. Anza na ya mbio wakiwa na nguvu: kibe, kuvuta kamba, mbio za kubeba ndimu kwenye kijiko. Kisha kazi ya mikono. Siyu ina jina kwa ufundi wa ngozi, basi muombe fundi wa makubadhi vipande anavyovitupa. Mtu mzima atoboe matundu mapema, na watoto wapitishe uzi watengeneze bangili. Kila mmoja ataondoka na kitu alichokifanya kwa mkono wake, na gharama ni ya uzi tu.

Baada ya kula, wakae mkekani. Hapa nyanya au babu achukue zamu. Ategue vitendawili nao, na anayeshindwa atoe mji. Kisha asimulie habari za Bwana Mataka, aliyekataa kuinamia jeshi la Seyyid Said, na za ngome ambayo watoto hawa huipita kila siku bila kuulizwa wanaijuaje. Hakuna mshereheshaji wa kukodi anayeweza hilo.

Zawadi za washindi, kama zipo, ziwe sawa kwa wote. Mtoto wa miaka minne hajui kushindwa kwa heshima. Anajua kulia tu.

Mwisho, watoto waokote taka na wakubwa waoshe vyombo. Usiku ukikaa kuhesabu, usihesabu waliopiga picha. Hesabu watoto wa mtaa wako, kisha ujiulize nani hakuja na kwa nini. Kama kilichomzuia ni haya ya kukosa zawadi, mpelekee kipande cha mkate asubuhi, na safari ijayo uanze kualika kwao.