Je, Wajua? Kutoka Kinondo Hadi Mahakamani

Matokeo ya mtihani wa KCSE yakishatoka, kila nyumba huulizana mwana asomee nini. Haya hapa ni ya mwana wa Kwale anayeiwazia sheria.

Je, wajua kwamba Kiswahili chaweza kukuingiza kwenye shahada ya sheria? Hutakiwa wastani wa C+ na angalau B ya Kiingereza au ya Kiswahili. Si lazima zote mbili.

Je, wajua kwamba ni miaka 4 ya kusoma kutwa, na hulazimiki kuhamia Nairobi? Chuo Kikuu cha Nairobi kina bewa la sheria Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni.

Je, wajua kwamba shahada peke yake haikufanyi wakili? Baada yake kuna Chuo cha Sheria cha Kenya (Kenya School of Law) kule Karen, Nairobi, mitihani ya masomo 9, na miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu. Ndipo unapoapishwa mbele ya Jaji Mkuu na kutia saini daftari la mawakili.

Je, wajua kwamba Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa hapa Kwale, ina ulinzi wa sheria mbili? Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, na haruhusiwi kutoka na kitu, hata jani. Hiyo ni ya wazee. Ya serikali ilikuja 1992, msitu huo wa hekta 30 hivi ulipotangazwa turathi ya kitaifa. 2008 UNESCO ikaiweka pamoja na kaya nyingine kadhaa za Mijikenda kwenye Urithi wa Dunia. Anayekata mti humo ana kesi kwa wazee na kwa hakimu pia.

Je, wajua kwamba Katiba ya 2010, Ibara ya 159, inazitaka mahakama kukuza usuluhishi wa jadi, mradi usivunje haki za mtu?

Je, wajua kwa nini kesi za ardhi haziishi Pwani? Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi aje aidai. Isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni, hata kama ilikuwa na watu na minazi yao. Leo Kwale ina Mahakama yake ya Mazingira na Ardhi, na wakili anayejua historia hiyo hakosi kazi.

Je, wajua kwamba Sheria ya Madini ya 2016 huitengea jamii ya eneo asilimia 10 ya mrabaha? Uchimbaji wa titani hapa Kwale ulikoma mwishoni mwa 2024, lakini hesabu za mgao zahitaji mtu wa kuzisoma.

Je, wajua kwamba mbele ya hakimu Kenya waweza kujitetea kwa Kiswahili, ila Mahakama Kuu lugha ni Kiingereza? Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya mahakama mwaka 2021.

Je, wajua kwamba jaji wa Mahakama Kuu hudaiwa uzoefu wa miaka 10, na wa Mahakama ya Juu 15?

Je, wajua kwamba si kila msomi wa sheria huishia kortini? Wengine huandika miswada ya kaunti, huendesha mashtaka ya serikali, au hutetea mazingira. Na Fatuma Achani, mwanasheria, alichaguliwa 2022 kuwa mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Kwale.