Dirisha la basi na jagi la maji: jinsi ya kwenda Ziwa Nyasa salama wakati wa janga

"Jamani, ni salama kwenda Mbamba Bay?" Swali hili lilizunguka sana mwaka 2020, likarudi 2021, na bado linaulizwa kila redio inapotangaza mlipuko. Wanaouliza si watalii peke yao. Kuna anayekwenda kuzika, kuna anayekwenda kumsalimia bibi yake Liuli, kuna anayefuata usipa wa kuuza Songea. Majibu wanayopewa huwa mawili: "nenda tu, Mungu yupo" au "tulia nyumbani". Yote mawili hayamsaidii mtu mwenye tiketi mkononi.

Sayansi ina jibu la kueleweka zaidi, ila inabidi tubadilishe swali kidogo. Usiulize kama mahali ni salama. Uliza hivi: ugonjwa huu unapita njia gani kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, na katika safari yangu njia hiyo iko wazi wapi?

Tuchukue magonjwa mawili ambayo mwambao wa Ruvuma umelazimika kuyafikiria miaka hii: UVIKO-19 na kipindupindu. Yote mawili ni majanga ya dunia, maana yameenea mabara mengi kwa wakati mmoja. Moja linapita hewani, jingine linapita mdomoni. Ukizijua njia hizi mbili, unaweza kupanga safari yako hata kwa ugonjwa ambao bado haujapewa jina.

Njia ya kwanza: hewa

Mtu mwenye UVIKO-19 akiongea, akiimba au akikohoa, anatoa matone ya mate. Makubwa yanaanguka chini haraka. Madogo sana yanaelea hewani kwa dakika nyingi, pengine hata saa, kama hewa imetulia. Hayo madogo wataalamu wanayaita erosoli.

Kama bado huoni picha, fikiria kiroba cha usipa mkavu. Kiweke ufukweni penye upepo: anayesikia harufu ni aliye karibu tu. Sasa kipakie kwenye Kosta yenye madirisha yaliyofungwa. Dakika kumi hazipiti, mpaka konda mlangoni anajua kuna usipa. Mfano huu una mpaka wake, kwa sababu harufu hupenya kwenye barakoa wakati barakoa nzuri hunasa erosoli nyingi. Lakini kuhusu jinsi hewa inavyobeba vitu, unatosha kabisa.

Kuna tukio la kweli linaloonyesha jambo hili vizuri. Tarehe 19 Januari 2020, mjini Ningbo, China, waumini walipanda mabasi mawili kwenda kwenye ibada. Safari ilikuwa kama dakika 50 kwenda na 50 kurudi. Basi moja lilikuwa na watu 68, mmoja wao akiwa tayari ameambukizwa bila kujua. Kiyoyozi kilikuwa kikizungusha hewa ile ile ya ndani. Watu 23 wengine wa basi hilo waliambukizwa. Basi la pili lilikuwa na watu 60, likaenda ibada ile ile, na hakuna hata mmoja aliyeugua. Tena ibada yenyewe ilikusanya watu wengi zaidi, lakini sehemu kubwa ilifanyika nje, na huko walioambukizwa walikuwa wachache.

Jambo jingine: kukaa viti kadhaa mbali na mgonjwa hakukuwaokoa abiria wa basi lile. Ila dereva na waliokaa karibu na mlango hawakuambukizwa. Hewa safi ilifanya kazi ambayo umbali ulishindwa kuifanya.

Sasa tuilete habari hii kwetu. Ukitoka Dar es Salaam unasafiri zaidi ya kilomita 900 mpaka Songea, kisha kama 100 mpaka Mbinga, halafu nyingine kama 66 za lami kushuka Mbamba Bay. Mbinga iko kwenye milima ya Wamatengo, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 475 hivi. Yaani unaondoka kwenye baridi unaingia kwenye joto.

Baridi hiyo ndiyo yenye shida. Mwezi wa sita na wa saba, nani anakubali dirisha lifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi stendi ya Mbinga? Mama ana mtoto mgongoni, mzee amejifunga koti, na ukigusa kioo tu unasikia "funga hilo dirisha wewe!" Hivyo basi linateremka limefungwa, limejaa, na watu wanapiga stori njia nzima. Kwa ugonjwa wa hewani, kipande hicho cha safari kinaweza kuwa na hatari kubwa kuliko siku tatu nzima za kukaa mchangani.

Cha kufanya si kugombana na abiria. Kaa dirishani au karibu na mlango, na omba vioo viwili vifunguliwe kidogo, kimoja mbele na kimoja nyuma, ili hewa ipite kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ufa wa vidole vinne unasaidia kuliko kutofungua kabisa. Vaa barakoa inayobana puani, hasa ndani ya gari, hata kama utaivua ukifika. Na chukua sweta, maana dirisha lenyewe umeliomba wewe.

Ufukweni, na mahali panapofanana na ufukwe lakini sipo

Ukifika Mbamba Bay, hewa inakuwa upande wako. Upepo wa ziwa hutawanya erosoli haraka, na mwanga wa jua hudhoofisha virusi. Kutembea mchangani, kuogelea au kuwatazama wavuvi wakianua nyavu si mambo ya kukunyima usingizi kwa sababu ya UVIKO-19. (Kuogelea kuna habari yake nyingine, kichocho, ambacho konokono wa maji ya kando yenye majani hukibeba. Hilo halina uhusiano na janga, lakini usiogelee kwenye matete.)

Shida ni kwamba hatukai ufukweni saa 24. Jioni kuna mechi, na mechi inaangaliwa kibanda umiza: chumba kimoja, mlango mmoja, watu wamebanana na kila bao linapokelewa kwa kelele. Kuna ukumbi wa muziki. Kuna kulala watu wanne chumba kimoja cha gesti ili kupunguza gharama. Kuna meli pia. MV Mbeya II inayotoka upande wa Kyela ina nafasi ya abiria wapatao 200, na tofauti kati ya kukaa sitaha ya wazi na kukaa chumba cha ndani ni ile ile ya ufukwe na Kosta. Panapowezekana, chagua nje. Mechi unaweza kuisikiliza kwenye redio, huku mbasa wa kuchoma yuko mezani.

Njia ya pili: mdomo

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani majanga yameshapita. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Lakini kuna janga lililoanza zamani zaidi na halijaisha. Janga la saba la kipindupindu lilianza Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika mwaka 1970, na bado lipo.

Mwaka 2022 lililizunguka Ziwa Nyasa. Malawi ilianza kupata wagonjwa upande wa kusini mwezi wa tatu, baada ya dhoruba na mafuriko. Kufikia mwezi wa nane ugonjwa ulikuwa umepanda kaskazini kwenye wilaya za wavuvi, Nkhata Bay ikiwemo. Ukisimama Mbamba Bay ukatazama magharibi, Nkhata Bay ndiyo iliyo ng'ambo. Mwezi wa tisa Msumbiji nayo ikapata mlipuko, na mgonjwa wa kwanza alitoka wilaya ya Lago, mkoa wa Niassa, pwani ile ile ya mashariki, kusini tu ya mpaka wetu. Malawi ilimaliza ikiwa na wagonjwa zaidi ya 58,000 na vifo zaidi ya 1,700, mlipuko mkubwa kuliko wowote katika historia yake. Ziwa hili lina nchi tatu, lakini mitumbwi, soko la samaki na ndugu ni vya watu wale wale.

Bakteria wa kipindupindu hutoka na kinyesi cha aliyeambukizwa na kuingia kwa mdomo wa mwingine kupitia maji, chakula au mikono. Kuanzia kuingia hadi dalili ni saa chache mpaka siku tano. Na hapa ndipo penye mtego: wengi wanaoambukizwa hawaumwi kabisa au wanaharisha kidogo tu, ila wanaweza kuwatoa bakteria kwa siku kadhaa. Mgeni mwenye afya tele anaweza kuuacha ugonjwa kijijini, au akaubeba kurudi nao Mbinga.

Kwa hiyo kwa ugonjwa huu dirisha la basi halina maana yoyote. Unachotakiwa kukitazama ni jagi la maji pale mezani. Maji yametoka wapi? Yamechemshwa mpaka yakatokota? Ziwa Nyasa lina kina kinachofika mita 700 hivi na maji yake yanang'aa, kiasi kwamba mtu anaona aibu kuyakataa. Lakini yanayotekwa ni ya kando, karibu na kijiji, na macho hayaoni bakteria. Chemsha, au tumia dawa ya klorini kama WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa. Ukikwama kabisa, kuchuja kwa kitambaa kunasaidia kidogo: utafiti wa Rita Colwell na wenzake Bangladesh ulionyesha kuwa kuchuja maji kwa sari kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza kipindupindu kwa asilimia 48. Sababu ni kwamba bakteria wengi hujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini, na kitambaa kinawanasa hao. Lakini asilimia 48 ni chini ya nusu. Kuchemsha kunabaki kuwa mfalme.

Halafu mikono. Kunawa watu sita kwenye bakuli moja, maji yale yale, ni kugawana vilivyokuwa mikononi mwa wa kwanza. Maji yanatakiwa yatiririke. Kibuyu chirizi cha kopo na kamba, pamoja na kipande cha sabuni, kinamaliza kazi hiyo bila gharama. Ugali wa muhogo wa moto na samaki aliyetoka jikoni sasa hivi havina shida. Kachumbari na kikombe kimoja kinachozunguka kilabuni ndivyo vya kuruka.

Mtu akianza kuharisha majimaji kama maji ya mchele, msisubiri kupambazuke. Kipindupindu kinaua kwa kukausha mwili, na kinaweza kuua ndani ya saa chache. Mpeni maji yenye chumvi na sukari akiwa njiani kwenda kituoni: lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akipata maji mwilini mapema, uwezekano wa kufa ni chini ya asilimia 1. Malawi, ambako wengi walichelewa kupata huduma, ulifika karibu asilimia 3.

Nani analipa gharama

Hapa kuna jambo ambalo orodha za tahadhari huliacha. Zinamlinda msafiri, kana kwamba yeye ndiye pekee mwenye mwili. Mgeni akijisikia vibaya, anapanda gari kurudi Songea au Dar. Mwenyeji anabaki. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ni ukanda mrefu wa vijiji vya kando ya maji. Hospitali za misheni zipo, St. Anne's ya Liuli na Litembo kule milimani, lakini kwa mgonjwa aliyebebwa kwenye bodaboda usiku, kila kilomita ni ndefu.

Mkoa huu una historia na wasafiri wenye magonjwa. Mwishoni mwa Septemba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka Mto Ruvuma kurudi upande wetu, likapita maeneo ya Songea kuelekea Ubena huku askari na wapagazi wakiugua kifua na homa ya mapafu. Ule ndio mwaka wa homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia kwa meli, treni na miguu ya wanajeshi. Kirusi hakina miguu, kinasubiri mtu mwenye safari.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka:

- Ukiwa na homa, kikohozi kipya au kuharisha, ahirisha. Kwa UVIKO-19 mtu huanza kuambukiza hata siku moja au mbili kabla ya dalili, kwa hiyo kama umekaa na mgonjwa wiki hiyo, subiri.
- Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, au mpigie mwenyeji wako, uulize kama kuna mlipuko na ni wa ugonjwa gani.
- Hakikisha chanjo inayopatikana kwa ugonjwa huo umepata, hasa kama unakwenda kwa wazee.
- Beba barakoa, sabuni, dawa ya maji na pakiti mbili za chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji mwilini.
- Ukifika kwa bibi, msalimie na mkae barazani. Siku mbili tatu za kwanza, mazungumzo yafanyike nje.

Ukiisoma vizuri orodha hii, hakuna kinachokukataza kwenda. Watu wa Mbamba Bay wanaishi kwa samaki, meli na wageni, na ufukwe usio na mgeni nao una njaa yake. Nenda. Barabarani dirisha liwe wazi, mezani jagi liwe na maji yaliyochemshwa.