Saa za vibao: Dakika inayoonekana ikianguka

KABLA ya tarakimu nyekundu za elektroniki kutamba vyumbani, Wamarekani wengi walisoma wakati kwenye vibao vidogo vilivyoanguka kimoja baada ya kingine. Saa hizo sasa zinasakwa na wapenzi wa vitu vya kale.

Asili yake ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo 1903, Eugene Fitch wa New York alipata hataza ya saa iliyotaja wakati kwa nambari badala ya mishale. Kampuni ya Ansonia, Brooklyn, iliiunda na kuiuza kwa jina Plato. Ndani ya kioo cha mviringo, vibao vilijipindua mithili ya kurasa za kitabu: vya juu vikionyesha saa, vya chini dakika. Nguvu yake ilitokana na springi iliyotiwa ufunguo.

Umeme ulileta mageuzi. Mnamo 1916, mota ya saa iliyobuniwa na Henry Warren wa Massachusetts ilianza kufuata mapigo ya umeme wa Boston. Katika miaka ya 1960 na 1970, mota za aina hiyo ndizo zilizozungusha vibao vya saa nyingi zilizouzwa Marekani, baadhi zikiwa na mitambo ya kampuni ya Copal ya Japani.

Siri yake ni nyepesi. Nusu ya juu ya nambari huchapishwa kwenye kibao kimoja, na nusu ya chini mgongoni mwa kingine. Gurudumu linapozunguka, kibao huachiliwa, huanguka, na nambari mpya hujitokeza.

Lakini kipya kinyemi. Tarakimu za kuwaka, zisizo na kifaa kinachosogea, zilianza kuziondoa sokoni miaka hiyo hiyo ya 1970.

Mbona basi zingali zinapendwa? Mshale hutambaa, nazo tarakimu za elektroniki hubadilika kimyakimya. Saa ya vibao hutulia dakika nzima, kisha mtu akaona na kusikia dakika hiyo ikimponyoka. Ndiyo maana katika filamu ya Groundhog Day ya 1993, kibao kinachoanguka na kuonyesha 6:00, yaani saa kumi na mbili asubuhi, kinatosha kutangaza kwamba siku ile ile imeanza upya.

Hata hivyo, Mkenya anayetaka kuagiza saa hiyo kutoka Marekani ajihadhari. Umeme wa huko ni wa volti 120 na mapigo 60 kwa sekunde. Wa Kenya ni volti 240 na mapigo 50. Transfoma hupunguza volti, wala haibadilishi mapigo. Mota iliyoundiwa mapigo 60 itachelewa dakika 10 kila saa, na baada ya siku moja itakuwa nyuma kwa saa nne. Asipohakikisha mapema kwamba mtambo unakubali mapigo 50, atamlaumu fundi bure, huku pambo lake zuri likimdanganya mchana na usiku.