Umbo la Uwanja na Matokeo ya Mbio za Farasi na Ngamia

Utangulizi

Rhamu ni mji ulio kando ya Mto Daua, katika Kaunti ya Mandera, mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Huko, utajiri wa mfugaji hupimwa kwa ngamia. Mkazi wake anayetaka kutazama mbio za farasi hana budi kusafiri hadi uwanja wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954. Na apendaye mbio za ngamia huelekea Maralal, ambako mashindano ya kimataifa yalianza mwaka 1990. Kotekote watazamaji humsifu mnyama na mpandaji wake, wakamsahau mshiriki wa tatu: njia yenyewe. Makala haya yanafafanua namna umbo la njia linavyochangia ushindi.

Uzito wa Kona

Katika njia iliyonyooka, takriban nguvu zote za mnyama humsukuma mbele. Akatapo kona, sehemu ya nguvu hizo hutumika kumzuia asitupwe nje. Kadiri kasi inavyozidi na kona inavyobana, ndivyo mzigo huo unavyoongezeka. Farasi anayekwenda mita 16 kwa sekunde, katika kona yenye nusukipenyo cha mita 100, hukabiliwa na msukumo wa upande unaofikia robo ya uzito wake. Kona ikipanuliwa hadi mita 200, mzigo hupungua kwa nusu. Ndiyo maana baadhi ya viwanja huinamishwa kuelekea ndani penye kona, ili miguu isiumie.

Haki ya Umbali

Katika nusu duara, kila mita moja ya kuwa mbali na uzio wa ndani humwongezea mnyama mita 3.14 za kukimbia. Aliye mita tatu nje hukimbia zaidi ya mita 9 za ziada, karibu urefu wa farasi wanne. Hivyo, aliyeshindwa kwa urefu wa farasi wawili huenda ndiye aliyekuwa na kasi kubwa zaidi. Dhuluma hii huzidi mahali pa kuanzia panapokaribiana na kona, kwani wa nje hukosa muda wa kusogea ndani.

Miinuko nayo ina athari. Huko Epsom, Uingereza, farasi hupanda kilima, kisha huteremka huku wakipinda kushoto. Belmont, New York, njia ilikuwa tambarare na kona zake pana. Hapo Secretariat alikimbia takriban mita 2,400 kwa dakika 2 na sekunde 24 mwaka 1973. Mbio za Derby za Epsom zina umbali kama huo, lakini mtihani wake ni mwingine.

Hitimisho

Mwenda pole hajikwai, lakini mbio hazingoji upole. Wakazi wa Rhamu wakitaka kuwashindanisha ngamia wao, wanyama warefu ambao kona kali huwayumbisha kwa urahisi, yafaa wapime njia kwanza: mwanzo uwe mbali na kona, nazo kona ziwe pana. Hapo ndipo atakayeshinda atakuwa ameshinda kwa miguu yake.