Mvua, Pepo za Kusi na Moshi wa Jikoni

  Leo tutazungumza juu ya moshi: huenda wapi ukishatoka jikoni, na kwa nini mvua haiuondoi wote.

Watu wengi husema kwamba mvua ikinyesha hewa inakuwa safi. Ni kweli kwa kiasi. Matone ya mvua hushika vumbi na masizi na kuyaangusha chini. Lakini ndani ya moshi mna pia gesi zisizoonekana. Mojawapo ni kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na haiyeyuki kwa urahisi katika maji, hivyo mvua haiwezi kuiosha.

Tuchukue mfano wa pepo za kusi, ambazo wenzetu wa Pwani wanazijua vizuri. Kuanzia Juni hadi Septemba, pepo hizi hupita pwani yetu, huvuka ikweta, kisha hugeuka kuelekea Bara Hindi. Huko hukuta nchi kavu imepata joto kali. Hewa yenye unyevu hupanda kwa nguvu na kufanya mawingu makubwa ya radi. Mengine hufika kimo cha kilomita 15 na zaidi, karibu mara tatu ya urefu wa Mlima Kenya.

Mvua kubwa hunyesha, na sehemu ya uchafu wa hewa huanguka nayo. Lakini hewa inayopanda hubeba gesi za majiko, magari na viwanda. Kule juu pepo huzunguka na kuushikilia uchafu huo kwa siku nyingi, kisha husambaa hadi nchi za mbali. Setilaiti huona kaboni monoksidi ikiongezeka huko kila msimu wa mvua hizo. Mwaka 2017, ndege ya utafiti iliruka kutoka Kathmandu, Nepal, ikapanda hadi karibu kilomita 20. Vipimo vyake vilionyesha chembechembe zinazotokana na amonia, gesi itokayo hasa kwenye samadi na mbolea.

Sasa mama, utauliza: haya yananihusu nini? Yanakuhusu kwa sababu gesi ile ile inayoonekana na setilaiti hutoka pia katika jiko lako la makaa. Nje, upepo huichukua. Ndani ya nyumba iliyofungwa huivuta wewe na mtoto wako. Na wakati wa mvua, au baridi ya Juni na Julai, ndipo tunapofunga madirisha, kupikia ndani na kuingiza jiko chumbani ili watoto wapate joto.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Basi fanya hivi:

1. Usilale na jiko la makaa chumbani, hata kama makaa yameshika na hayatoi moshi. Mpe mtoto joto kwa nguo nzito na blanketi.

2. Ukilazimika kupikia ndani, acha mlango na dirisha wazi ili hewa ipite.

3. Anika kuni na uzihifadhi pakavu kabla ya mvua. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi.

4. Usipike ukiwa umembeba mtoto mgongoni. Mwache na mtu mwingine, mbali na moshi.

Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoe nje mara moja na umpeleke hospitalini.

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Vivyo hivyo kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya. Usingoje mvua ipungue: mpeleke kliniki siku hiyo hiyo.

Kumbuka mama, moshi wa nje una upepo wa kuupeleka mbali. Wa ndani unakungoja wewe uufungulie dirisha.